Qiu Yenye Sikio

Tu Laiwang alikuwa amekiri, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Qiu Zhaoming njia nzima, gari la polisi likipanda milima ya Zhao'an huku likikohoa. Dereva huyo wa lori alinyimwa usingizi mpaka akaanza kuzungumza na ukuta wa mahabusu. Ukuta haukumjibu, lakini askari walikuwepo kumwandikia. Alisema kwamba alimpiga Liao Yuanfeng kwa spana, kisha akamtupa mtoni pale darajani. Mkuu wa kituo, Fei, aliyasoma maneno hayo, akayapigia muhuri, akaagiza faili lishuke mjini kesho. Mashtaka ya aina hiyo yakifika mjini hayarudi. Kinachorudi ni majivu ya mtu, na mkewe anayapokea mlangoni.

Mke wa Tu alikuwa tayari ameketi langoni mwa kituo, juu ya ndoo iliyogeuzwa. Qiu alimpita asubuhi bila kumwamkia, kwa kuwa hakujua amwambie nini.

Sasa alisimama darajani akitazama mto. Kuku angeuvuka asilowe magoti.

"Tangu lini uko hivi?" akauliza.

"Tangu masika yalipotukimbia, Afande," akajibu Liao Shouben, mkuu wa usalama wa kijiji, mtu mnene mwenye sigara nyuma ya kila sikio. Alikuwa amepewa kazi ya kumtembeza mgeni na aliifanya kwa furaha, maana ilimwepusha na palizi.

"Mtu ukimtupa hapa, atakaa akikutazama."

"Labda alimfukia mchangani."

"Basi angesema mchangani. Mtu aliyekwisha kukiri kuua ataona haya gani kusema mchanga?"

Shouben akacheka, kisha akakumbuka anachokichekea, akanyamaza.

Kabla hawajamnyima usingizi, Tu alikuwa na maneno mengine. Alikubali kwamba walipigana na Yuanfeng mbele ya mgahawa wa tambi, watu wakiwatazama, na kwamba damu iliyoonekana ndani ya lori ilitoka puani mwa Yuanfeng. Lakini walipatana njiani. Alimshusha darajani, akamwona akipanda kijia kwenda kwao, anapiga mluzi. Mke wa Yuanfeng alikuwa kwa wazazi wake na watoto, na ndiye aliyekuja kulalamika kituoni kwamba mumewe haonekani. Nyumbani alikokuwa akielekea walikuwamo watu wawili tu, mama yake na kaka yake, Changgui. Wote wawili walisema hakufika.

Njia ilipita katikati ya makaburi. Qiu alisoma jiwe la kwanza, la pili, la tatu, akasimama.

"Shouben, hiki ni kijiji cha akina Liao?"

"Wote Liao, Afande. Hata mbwa wetu ukimwita Liao anageuka."

"Mbona hapa wamezikwa akina Zhang watupu?"

"Hao ndio sisi." Shouben alitoa sigara ya sikio la kushoto. "Babu yetu alizaliwa Zhang. Alioa binti wa Liao, nyumba isiyo na mtoto wa kiume hata wa dawa. Mkwewe akamfanya mwana, akamwachia mashamba na kila kitu. Naye akaapa kwamba uzao wake utaishi kwa jina la Liao. Ila jina la baba yake nalo alilionea huruma, angelitupa wapi? Akaliweka kaburini. Kwa hiyo hai ni Liao, mfu ni Zhang. Mimi ni Liao Shouben mpaka nikate roho. Siku hiyo wataniandika Zhang Shouben, na nisilikimbilie jina hilo!"

"Na mimi nikikuita Zhang leo?"

"Nitakutemea mate, Afande, unisamehe. Ni kuniombea kifo. Watoto wa hapa wakitaka kutukanana hawahangaiki na mama wa mtu. Wanaitana Zhang, basi, ngumi zinaanza."

Qiu akaangua kicheko kifupi, cha kwanza wiki ile. Kicheko kilimwishia mbele ya kaburi moja lililokuwa limepaliwa majani, ukingo wake una saruji ambayo bado haijakolea kijivu. Makaburi mengine yote yalikuwa kichaka. Siku ya kuyafagia ilikuwa imepita zamani, na watu wa milimani hawafagii mara mbili.

"La nani hili?"

"La mzee Wanquan, baba yao Changgui na Yuanfeng. Changgui ndiye aliyelitengeneza, yule ana adabu kwa wazee. Anasema mvua ilibomoa ukingo."

"Mvua ipi?"

Shouben akatazama mto uliokuwa chini yao, akakuna shingo. Qiu hakumsukuma. Kufukua kaburi la baba wa mtu kwa hoja ya ukame ni kuomba majembe ya kijiji kizima yakushukie kichwani. Na Fei angeyashangilia majembe. Alihitaji mtu mmoja aseme neno moja kabla ya kesho.

Changgui walimkuta uani, anakoroga plamu ndani ya matangi ya maji ya chumvi. Alikuwa mrefu, mkavu, wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti ndogo kuliko mwili.

"Mdogo wako yuko wapi?" Qiu akauliza bila kuketi.

"Nilishawaambia askari. Hakufika. Labda ameshuka Shenzhen kutafuta kazi, kama wenzake."

"Bila kumuaga mkewe?"

"Yuanfeng ana kichwa kigumu. Akitaka jambo haagi."

"Mlikosana?"

"Ndugu gani hawakosani? Vijiko vinagongana ndani ya bakuli."

"Upondo huu wa kukorogea ni mpya."

"Wa zamani ulivunjika."

"Ulivunjikaje?"

"Mti, Afande. Mti huvunjika."

Hakuna hata mara moja alipojikwaa. Mdogo wake alikuwa hai katika kila sentensi: *ana* kichwa, *haagi*. Qiu aliuliza tena kwa kuzunguka, akajibiwa vilevile kwa kuzunguka, mpaka Changgui akaomba ruhusa akatazame wachumaji wake bustanini. Qiu akamruhusu, akamwashiria Shouben aandamane naye. Akabaki peke yake, mikono mitupu, na jua linakaribia utosi.

Ndipo mama yao alipotokeza mlango wa jikoni. Alikuwa bibi mfupi aliyeinama mgongo, anajifuta mikono kwa aproni.

"Shouben anasema wewe ni Qiu."

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama!" Uso wake wote ulikunjuka. "Mimi ni Qiu Yinzhu. Nimeolewa hapa kabla hujazaliwa, na tangu wazazi wangu wafe hakuna mguu wa Qiu uliovuka kizingiti hiki. Hebu niambie, Qiu yenye sikio au isiyo na sikio?"

Qiu alilijua swali hilo, maana lilimfuata maisha yake yote. Qiu ya akina bibi huyu huandikwa kwa herufi ya kilima. Wako wanaoiandika kilima kitupu, na wako wanaokiwekea ubavuni alama iitwayo sikio, tangu mfalme mmoja alipokataza raia wasiandike sawasawa na jina la Mwalimu Kong, mwenye hekima wa kale aliyeitwa Qiu. Kilima kitupu na kilima chenye sikio ni ukoo mmoja, lakini kila nyumba inajivunia cha kwake. Bibi hakujua kusoma hata herufi moja, ila hili la sikio alilijua kama anavyomjua ng'ombe wake kuwa ana pembe.

Qiu ya Inspekta haikuwa na kilima wala sikio. Iliandikwa kwa alama ya mtu na alama ya tisa. Ukiikuta gazetini huisomi Qiu, unasoma *chou*, nayo maana yake ni uadui. Ni katika jina la ukoo tu ndipo inaposomwa Qiu. Marehemu baba yake alikuwa akijitetea kwa wageni kwamba hapo kale herufi hiyohiyo ilikuwa na maana ya mwenzi, na wageni walikuwa wakitabasamu kwa adabu. Katika Kichina cha redioni hata sauti za Qiu hizo mbili zinapishana, moja inapanda na nyingine inatulia. Sikio la bibi wa milimani halikuwa na habari hiyo.

Angeweza kumwambia. Ingechukua muda wa kumeza mate. Lakini alimkumbuka Tu Laiwang anayesema na ukuta, na yule mwanamke juu ya ndoo.

"Yenye sikio, dada," akasema.

Bibi Yinzhu akalia hapohapo, wala hakujificha. Alimshika mkono akamvuta ndani, akamketisha kiti cha juu mezani, kile ambacho watu wa huko humwekea mjomba peke yake. Akamwuliza wazazi wake wa wapi. Qiu akataja wilaya ya mbali. Bibi akasema ndiyo, wapo waliohamia huko, babu alikuwa akiwataja. Kila uongo mmoja aliousema Inspekta, bibi aliumalizia mwingine kwa ajili yake. Qiu aliona haya, akaimeza pamoja na chai, na vyote viwili vilikuwa vya moto.

"Umekuja siku njema," bibi akasema. "Mwezi wa saba huu, wafu wana njaa. Ngoja niwaandalie, halafu tule sisi."

Akapanga mabakuli mbele ya madhabahu ya nyumba: wali, nyama ya nguruwe ya kuchemsha, plamu za chumvi, na kando ya kila bakuli jozi ya vijiti. Qiu aliyahesabu kwa mazoea ya kazi, kisha akajilazimisha kuangalia pembeni. Bibi aliwasha udi akaanza kuita, kwa sauti ya mtu anayewaita watu kutoka shambani.

"Zhang Tianyou, baba mkwe, njoo ule. Zhang Wanquan, mume wangu, njoo ule, leo nyama haijaungua, usinitafutie neno."

Lilibaki bakuli moja ambalo halijaitiwa mtu. Bibi akachungulia uani, akarudi, akamsogelea Qiu.

"Mdogo wangu, nina jambo linanikaba hapa." Aligusa koo. "Mtoto aliingia ardhini kama paka. Hapana filimbi, hapana mjomba wa kumuaga. Ulizaliwa upande wangu, Mungu wa Mbinguni amekuleta. Mshikie udi."

Akamtia vijiti vitatu vya udi mkononi, akaligeukia bakuli.

"Zhang Yuanfeng, mwanangu, mjomba wako huyu amekuja. Njoo ule."

Qiu alisimama na udi wake. Moshi ulimwingia machoni, akashukuru kuwa kuna moshi. Changgui alikuwa ameyachunga maneno yake yote, lakini mama hawezi kumlisha mwanawe kwa jina ambalo kule aliko hawalijui. Angemwita Liao, angekaa mlangoni na njaa.

Akainama mara tatu, akachomeka udi.

"Amelala wapi, dada?"

"Kwa baba yake. Changgui alimbeba mgongoni mwenyewe." Alisema kwa kunong'ona, haraka, mtu anayetua mzigo. "Usimwambie mtu. Waligombana kule matangini, wala hakukusudia, akarudi ananililia miguuni. Ningefanya nini? Nilikuwa na wawili nimebaki na mmoja. Nikimtoa huyo mmoja, nani ataniita mimi kula mwezi wa saba? Wewe ni mtu wa serikali na tena ni wetu. Utajua namna ya kulimaliza."

"Na dereva, dada? Yule Tu. Watamwua."

Bibi alitazama pembeni. "Huyo nimemwombea," akasema. "Kila siku namwombea. Kula, nyama inapoa."

Qiu alikula. Kukataa kungemtia wasiwasi, na kwa kweli alikuwa na njaa, jambo ambalo baadaye hakupenda kulikumbuka.

Bustanini, Changgui alikuwa amesimama chini ya mti na Shouben, wanavuta sigara. Qiu alifika akamuuliza swali lilelile la asubuhi.

"Yuanfeng yuko wapi?"

"Nimesema, Afande. Labda Shenzhen."

"Aliyeko Shenzhen ni Liao Yuanfeng. Mimi namuuliza Zhang Yuanfeng."

Sigara ilimponyoka Shouben. Changgui hakurusha ngumi wala hakutema mate. Mtu wa kijiji kile aliyemwacha ndugu yake aitwe Zhang mbele ya jirani bila hata kukunja uso, hakuwa na haja ya kusema lingine. Shouben mwenyewe aliliona hilo, akarudi nyuma hatua moja.

"Nani kakwambia?" Changgui akauliza mwishowe.

"Saruji. Hakuna mvua ya kubomoa kaburi."

"Saruji tu?"

"Saruji tu."

Changgui akachuchumaa, akashika kichwa. "Aliniahidi mtoto," akasema. "Mimi nina mabinti. Tulikubaliana mbele ya baba, angali hai: Yuanfeng akipata wa kiume wa pili, ananipa, awe wangu, anishikie udi. Akampata. Siku ile akapanda kutoka darajani anapiga mluzi, ananiambia mtoto ameshaandikishwa kwa jina la ukweni. Baba mkwe wake hana mwana, anasema, amemwonea huruma. Nikamwambia, na mimi je? Akacheka. Akasema, kaka, sisi wenyewe ukoo wetu si ulianza hivyohivyo, kwa kuvaa jina la ukweni? Nikampiga. Upondo ulikuwa mkononi tayari, nilikuwa nakoroga."

"Mara ngapi?"

"Mpaka ukavunjika."

Shouben alikuwa analia kimya kimya, amegeukia miti.

Qiu alishuka hadi kwenye gari akamwita Mkuu Fei redioni, akamweleza.

"Lakini Tu amekiri," sauti ya Fei ikakwaruza.

"Basi wamekiri wawili, Mkuu, na maiti ni mmoja. Chagua."

"Nitatuma watu wa kufukua," Fei akasema. "Huyo dereva tutamwachia. Si leo. Mguu wake haujakaa vizuri. Akiweza kutembea atatoka."

"Mwache mkewe aingie amwone."

"Akiweza kutembea, nimesema."

Waliotumwa walifika na majembe, na chini ya ule ukingo mpya walimkuta Yuanfeng, amevishwa nguo za sikukuu, amelazwa ubavuni mwa baba yake. Watu wa kijiji walisimama juu ya kilima wakitazama. Qiu akajaza hati ya kukamata, akaweka sahihi, akampa Changgui aweke dole gumba. Changgui alikuwa amesoma mpaka darasa la saba. Aliipitia hati polepole, midomo ikicheza, na mwisho wake akasimama penye sahihi.

"Hii ni *chou*," akasema. "Shouben alisema wewe ni Qiu."

"Kwenye jina husomwa Qiu."

"Lakini si Qiu ya mama."

"Siyo."

Changgui alilitazama bakuli la wino mwekundu aliloshikiwa, kisha nyumba yao kule juu, na moshi mwembamba wa udi uliokuwa bado unatoka mlangoni. Akaelewa saruji ni nani. Akaweka dole gumba lake.

Bibi Yinzhu aliwakuta garini. Alikuwa amekimbia, kama mtu wa umri wake anavyoweza kukimbia, na aproni bado imemfunga kiunoni. Qiu alijiandaa kwa laana. Alikuwa amelaaniwa na mama wengi na alijua mahali pa kutazama wakati huo, kati ya nyusi.

Bibi hakulaani. Aliziona pingu, akajishikilia mlango wa gari.

"Nimekwambia wewe ukamkamata," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Ulikuwa huna njia?"

"Sikuwa na njia."

Akatikisa kichwa muda mrefu, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. "Basi afadhali wewe," akasema. "Mtu baki angempiga. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wewe ni damu yetu, hutawaachia wamnyime usingizi kama walivyomnyima yule mwingine. Niahidi."

"Nakuahidi, dada."

Bibi akaingiza mkono dirishani akamfuta mwanawe shavu kwa aproni. "Changgui. Hujamwamkia mjomba wako. Umekaa naye siku nzima hata salamu! Mwamkie. Ndiye uliye naye huko."

Changgui akainua uso. Alimtazama Inspekta muda mrefu hata Shouben, aliyekuwa amepewa usukani, akageuka kuona kuna nini. Neno moja tu lingetosha, na bibi angejua amemuuza mwanawe kwa nani. Midomo ikamfunguka.

"Shikamoo, mjomba," akasema.

"Marahaba," Qiu akajibu, na Shouben akawasha gari.